Pangaboi Lizimwe, Chongwe Anacheza

Mama mkwe alikuja Kuala Lumpur kulea uzazi. Hilo nalitanguliza kwa sababu baadaye watu wa Tanga walieneza kwamba mimi ndiye niliyemwita aje kutazama michezo, nikamharibu mama wa watu uzeeni. Alifika Julai 2012, Ramadhani ikiwa mlangoni, na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo. La pili lilikuwa na iliki, mdalasini, pilipili manga na mbuzi ya kukunia nazi, vitu ambavyo aliamini havipatikani Asia nzima. Kwamba viungo vyote vile asili yake ni upande huohuo wa dunia, na kwamba sokoni kwetu Gombak nazi huuzwa imeshakunwa, hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mke wangu alikuwa ndani ya arubaini. Mtoto, Yusra, alikuwa amezaliwa juzijuzi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu mwenye sura ya tatu isiyoandikika, na nyumba yetu ilikuwa ghorofa ya saba, vyumba viwili, sebule moja, pangaboi moja katikati ya dari, na televisheni ya mwenye nyumba. Mama alichukua zamu ya usiku. Mtoto akilia, yeye ndiye anayeamka, anamfunga kwenye kanga, anazunguka naye sebuleni huku televisheni inamulika bila sauti.

Tamthilia zilimshinda. Watu wanalia, na yeye hajui wanalilia nini. Taarifa ya habari ilimshinda vilevile. Halafu usiku mmoja akakuta watu wawili wamesimama pande mbili za wavu, wanapigiana kitu chenye manyoya. Akakaa. Mchezo ule haukumtaka awe na mkalimani: kinyoya kikianguka kwako, umepoteza, kikitoka nje ya mstari, aliyekipiga ndiye aliyepoteza. Hakuna wa kuotea, hakuna dakika za majeruhi, hakuna kubishana na refa nusu saa. Anayefika 21 wa kwanza, akiwa mbele kwa pointi mbili, anachukua seti, akichukua mbili anakwenda kuoga. Asubuhi nilimkuta bado yuko pale, mtoto amelala begani, naye ananiuliza, "Baba Yusra, huyu kijana mwembamba mwenye jezi ya hapa anaitwa nani?"

Nikamwambia anaitwa Lee Chong Wei.

"Chongwe," akasema, kama mtu aliyeonyeshwa mpwa wake. Kuanzia hapo akawa Chongwe.

Inafaa kusema Mama aliangukia ushabiki katika nchi gani. Kwa Wamalaysia mpira wa vinyoya si mchezo mmojawapo. Mpaka wiki ile ya London, kila medali ambayo nchi yao iliwahi kuipata katika Olimpiki, tangu shaba ya ndugu wawili wa ukoo wa Sidek kule Barcelona mwaka 1992, ilitokana na vinyoya. Dhahabu hawakuwa nayo hata moja. Chongwe alikuwa ameifikia Beijing mwaka 2008, na Lin Dan wa China akamchapa 21-12, 21-8, kipigo ambacho watu wazima walikuwa bado hawapendi kukizungumzia wakiwa wanakula. Mwaka 2011, katika fainali ya ubingwa wa dunia pale Wembley Arena, Lin Dan alimshinda tena, safari hii seti ya tatu ikaishia 23-21. Na sasa Olimpiki ilikuwa inachezwa ndani ya ukumbi uleule. Tajiri mmoja mwenye mgodi alikuwa ameahidi kwamba mchezaji wa vinyoya atakayeleta dhahabu atapewa mche wa dhahabu wa kilo 12.5. Mama alipotafsiriwa habari hiyo, swali lake lilikuwa moja: mche huo atauficha wapi, na ndugu wameshasikia?

Mimi nilifuatilia yote hayo nikiwa nimekaa kiti cha mezani, nyuma. Kochi lilikuwa moja, na kwetu mkwe habanani na mama mkwe wake kwenye kochi moja. Rimoti nayo ilikaa kochini. Kwa hiyo nyumba ikawa na serikali mpya bila uchaguzi.

Chanzo cha sheria ya pangaboi ni Mfini. Katika mechi ya kwanza Chongwe alikutana na Ville Lång wa Finland, mtu ambaye hakutarajiwa kumsumbua mtu. Seti ya kwanza ikaenda vizuri, 21-8. Seti ya pili Mfini akaichukua, 21-14, na jengo zima likanyamaza. Ilijulikana kwamba Chongwe alikuwa ameumia kifundo cha mguu mwezi Mei katika Kombe la Thomas kule Wuhan, na kila mtu akaanza kuutazama ule mguu. Mama hakutazama mguu. Mtoto alikuwa amepiga chafya, kwa hiyo akainuka akalizima pangaboi. Seti ya tatu Chongwe akashinda 21-11.

Jambo lile lingeweza kupita tu. Lakini kesho yake, kabla ya magharibi, jirani yetu alituletea bakuli la bubur lambuk, uji wao wa mchele na nyama ambao misikiti hupika na kugawa Ramadhani. Alikuwa mwalimu mstaafu, na jengo zima tulimwita Pakcik, yaani mjomba. Kwa bahati mbaya alikuwa anaujua mchezo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Akamweleza Mama, nami nikitafsiri, kwamba kinyoya kina manyoya 16 ya bata yaliyochomekwa kwenye kizibo, uzito wake wote haufiki gramu sita, na kwa sababu hiyo kumbi za mashindano huogopa upepo. Kiyoyozi kikipuliza vibaya, kinyoya kinahama njia. Mchezaji anapiga ndani, kinatua nje.

Nilitafsiri neno kwa neno. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaliangalia pangaboi, kisha akaniangalia mimi. Nikajua wiki hiyo tutalala jasho.

Nilijaribu kumweleza, kwa adabu, kwamba kutoka Gombak hadi London ni safari ya nusu siku angani. Akasema, "Mwanangu, mimi sikusema upepo unafika. Nimesema usianze wewe." Hoja ya namna hiyo haina pa kuishika.

Joto la Kuala Lumpur si joto la Tanga. Tanga jioni bahari inakukumbuka. Kuala Lumpur hewa husimama mpaka mvua ya radi ya alasiri, na mvua ikiisha hewa husimama tena, sasa ikiwa na maji. Pangaboi likizimwa ndani ya nyumba ya ghorofa ya saba, na madirisha nayo yakifungwa (kwa sababu Mama aliona mlango wa upepo ni mlango wa upepo), watu huanza kuyeyuka kwa zamu. Mke wangu alituma ujumbe kutoka chumbani kwamba yeye ni mzazi, si mkate. Akajibiwa kwamba mzazi anatakiwa akae mahali pa joto, ndiyo desturi, waulize wazee. Wazee wenyewe walikuwa mmoja, na ndiye aliyejibu.

Katikati ya wiki ikaja kashfa ya wanawake wa wawili wawili. Jozi nne, mbili za Korea Kusini, moja ya China na moja ya Indonesia, zilifukuzwa mashindanoni kwa sababu zilikuwa zinajitahidi kushindwa, ili kwenye mtoano zipangiwe wapinzani wepesi. Walikuwa wanapiga kinyoya wavuni kwa makusudi, mbele ya watu waliolipa viingilio. Pakcik alisema mfumo wa makundi ndio uliowatega. Mama hakutaka kusikia mfumo. Mtu amefunga safari mpaka London, amelala hotelini, amelishwa na serikali yake, halafu ananuia kushindwa! Akasema katika nyumba hii hatafutwi mpinzani mwepesi. Aletwe yeyote.

Akaletwa Kashyap wa India, robo fainali, Alhamisi. Seti ya kwanza ilibana, 21-19, ya pili 21-11. Ijumaa ikaja nusu fainali na Chen Long, Mchina mrefu ambaye wengi walimhofia kuliko walivyosema. Chongwe alimmaliza 21-13, 21-14. Nimeona mechi nyingi tangu hapo, na bado naiona ile kuwa ndiyo nzuri kupita zote alizocheza London, hata kama dunia inakumbuka nyingine. Hakuna kinyoya alichokikosa kwa kukichelewa. Upande wa pili Lin Dan naye akampita Lee Hyun-il wa Korea bila kutoka jasho. Sisi jasho tulikuwa nalo la kutosha sote wawili, mimi na shati langu. Mama alikuwa na kanga imelowa mgongo mzima, anajipepea kwa mkono. Nikauliza kama kujipepea si upepo. Nikaonywa kwa jicho.

Fainali ilikuwa Jumapili, tarehe 5 Agosti. Kwa saa za Malaysia ilikuja baada ya futari, wakati watu wanaelekea Tarawehe, na nadhani usiku ule maimamu wa nchi nzima walijua fika kwa nini safu za nyuma ni nyembamba. Mimi nilikuwa nimeshavaa kanzu. Mama akaniita kwa upole usio wa kawaida. Tarawehe ni sunna, akasema, na wakati wake ni mpaka alfajiri. Mtu anaweza kuisali nyumbani, taratibu, bila haraka. Elimu yake ya fikihi ilikuwa sahihi kabisa, nami sikuona sababu ya kubishana na mama mkwe mwenye dalili.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuwa anasoma Cyberjaya, na siku hiyo alikuja kufuturu akiwa na wenzake wa Unguja. Mihogo ya nazi ililiwa, sambusa zililiwa, tambi ziliisha. Kaimati Mama alikuwa amezikaanga lakini hajazitia shira. Zilikuwa za wageni watakaopita baada ya sala. Shira akaiacha jikoni, moto mdogo, "inakaza kidogo tu." Nawaomba muikumbuke hiyo shira.

Seti ya kwanza ilichezwa nyumba ikiwa imefungwa pande zote, pangaboi limezimwa. Chongwe 21, Lin Dan 15. Vijana wa Unguja walikuwa wamevua mashati mpaka fulana. Mama aliketi mbele, mtoto mapajani, tasbihi mkononi, bila kusema neno. Kwa Pakcik, upande wa pili wa ukuta, tulisikia mtu anagonga meza.

Hapo ndipo shemeji alipokwenda kunawa uso. Wakati wa kurudi akapita kwenye swichi ya pangaboi, ile ya kuzungusha, akaipeleka mpaka namba tatu. Alisema baadaye kwamba hakuwahi kuambiwa. Inawezekana. Sheria zile zilitungwa katikati ya wiki, naye siku hizo alikuwa hosteli. Sisi wengine tuliusikia ule ubaridi shingoni, na Mungu anisamehe, tukashukuru. Mama alikuwa amezama. Alizinduka pale kona ya kanga ilipompiga puani, wakati Lin Dan ameshajichukulia pointi kama mtu anayechuma pilipili. Seti ya pili: 21-10.

"Nani?" akauliza Mama, bila kugeuka.

Wenzake wa Unguja, wageni waliokula mihogo yake, walimwonyesha kwa vidole vyote.

Pangaboi likazimwa. Shemeji akahamishiwa kwenye kiti karibu na mlango, mahali pa watu wasioaminika. Seti ya tatu ikaanza, na kuhusu seti hiyo sina hamu ya kuwa mwerevu. Waliotazama wanajua. Chongwe anatangulia, Lin Dan anafuata, wanakamatana, wanaachana pointi mbili, wanakamatana tena. Mapigo ya kuchapa chini yanarudishwa na mtu aliyelala chini. Kinyoya kinagusa utepe wa wavu, kinafikiria, kinaangukia upande mmoja. Na katikati ya hayo harufu ikaanza.

Mwanzo ilikuwa harufu nzuri, ya sukari na iliki. Kisha ikawa ya halwa. Kisha haikuwa ya chakula. Mke wangu akapaza sauti kutoka chumbani, "Mama, kuna kitu kinaungua!"

"Kiache kiungue pointi mbili tu, mwanangu."

Mimi nikainuka kwenda jikoni. Mama akanyoosha mkono wenye tasbihi, nikakaa. Alikuwa na hoja tena: tangu Alhamisi nilikuwa nimekaa kiti kilekile, na tangu Alhamisi Chongwe alikuwa hajapoteza seti isipokuwa ile iliyoibiwa na shemeji. Moshi mweusi, mnene, ukatoka jikoni ukipita juu ya vichwa vyetu, ukasimama chini ya dari, kwa kuwa hapakuwa na dirisha la kutokea wala pangaboi la kuusukuma. Ukatafuta njia yake mwenyewe. Ukaipata chini ya mlango.

Huko nje, kwenye ushoroba, alikuwa anapita mlinzi wa jengo. Walinzi wengi wa Kuala Lumpur ni Wanepali, na huyu alikuwa mmojawao. Kijana makini, asiyejali vinyoya, na nadhani mtu pekee katika jengo lile aliyekuwa kazini saa hiyo. Aliona moshi unatoka chini ya mlango wa watu wenye mtoto mchanga. Akagonga. Ndani tulisikia, lakini ubao ulikuwa unasoma Chongwe 19, Lin Dan 18, na katika hali hiyo hakuna Mtanga anayefungua mlango. Akagonga tena, akapiga kelele kwa lugha tatu. Kisha akafanya kile alichofundishwa: akafungua kabati la mita, akashusha swichi ya nyumba yetu.

Giza. Kimya. Halafu Yusra, ambaye wiki nzima alikuwa amelala katika kelele, akaamka na kulia.

Nilizima jiko kwa kupapasa. Vijana wa Unguja walifungua madirisha yote kwa pamoja, na upepo ambao tulinyimwa wiki nzima ukaingia ndani. Mama alikuwa ameshatoka. Nilimkuta mlangoni kwa Pakcik, peku, kanga kichwani, mtoto begani, na sisi nyuma yake, pamoja na mlinzi aliyekuwa anauliza kama kuna aliyeungua. Mlango wa Pakcik ulikuwa wazi nusu. Ndani sauti ya mtangazaji ilikuwa imepanda juu kabisa. Mtu mwingine yeyote angeingia mbio. Lakini Mama ni mwanamke wa pwani, na nyumba ya watu haiingiwi bila hodi. Akapiga hodi. Akatoa salamu. Akangoja. Akapiga hodi ya pili. Pakcik hakujibu, kwa sababu alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Tulipoingia, Lin Dan alikuwa anakimbia kuuzunguka uwanja. Ubao ulikuwa unasoma 21-19.

Hakuna aliyesema kitu. Mke wa Pakcik alileta chai, na kaimati zikaliwa hivyohivyo, kavu, na watu wa nyumba mbili waliokaa sakafuni. Usiku ule Chongwe aliandika kwenye Twitter kuwaomba radhi watu wake. Mama alipotafsiriwa alikasirika: anaomba radhi ya nini, yeye ndiye aliyeshusha swichi?

Kesi ilisikilizwa daku. Sufuria ilikuwa imetoboka, ukuta wa jikoni umebadilika rangi, na mwenye nyumba alikuwa bado hajajua. Shemeji alipatikana na hatia kwa seti ya pili, akaamriwa asugue ukuta. Mlinzi aliachiwa huru kwa kuwa alitaka kutuokoa, akapelekewa sahani ya futari mpaka Ramadhani ikaisha. Kuhusu matokeo ya fainali yenyewe, Mama alitoa uamuzi ambao hajaubadilisha mpaka leo. Katika nyumba yetu, umeme ulipokatika, Chongwe alikuwa anaongoza 19-18. Yaliyotokea baada ya hapo yalitokea kwa Pakcik.

Mwaka 2016 Mama alikuwa amesharudi Tanga, Chongwe yuko Rio. Nusu fainali Chongwe alimtoa Lin Dan, seti ya tatu 22-20, na simu niliyopigiwa kutoka Tanga haikuanza kwa salamu. Mapangaboi yote yalikuwa yamezimwa, akasema, hata la dukani. Fainali Chen Long akashinda 21-18, 21-18. Nilisubiri simu siku mbili. Ilipokuja, Mama alieleza kwa kifupi kwamba siku hiyo kulikuwa na wageni wa harusi, nyumba imejaa, na huwezi kuwakalisha watu wa harusini bila upepo.

Chongwe alistaafu Juni 2019, mwaka mmoja baada ya kugunduliwa saratani ya pua, akiwa na medali tatu za fedha za Olimpiki. Lin Dan akafuata mwaka 2020. Paris 2024 Malaysia ilipata shaba mbili, zote za vinyoya, na dhahabu ya Olimpiki bado haina hata moja. Mama anasema hawajamwita. Los Angeles 2028 wakimtaka, wanajua anakokaa.